Deni la Mwenye Kubuni Ulimwengu

Wanafunzi wanaomaliza kusoma Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi iliyotolewa mwaka 1971, huwauliza walimu wao swali fupi: kwa nini mwandishi alimwua Rosa? Mwalimu hujibu kwamba mwandishi hakumwua mtu yeyote. Rosa ni mhusika, wahusika ni vyombo vya kubebea dhamira, na kifo chake chatufunza juu ya malezi na unafiki wa jamii. Jibu hili halina kosa, na mwanafunzi akiliandika katika mtihani atapata alama zake. Hata hivyo, katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali la mwanafunzi ni zito kuliko jibu la mwalimu. Mwanafunzi anauliza juu ya haki. Mtu anayebuni ulimwengu na kuweka ndani yake wenye kuona uchungu, amepewa ruhusa na nani, naye anadaiwa nini na wale aliowaweka humo?

Zamani swali hili lingeweza kuachwa kuwa mzaha wa barazani. Leo halina budi kujibiwa, kwa maana wapo mafundi wanaobuni walimwengu kwa mashine badala ya kalamu. Mwaka 2000 ulitolewa huko Marekani mchezo wa kompyuta uitwao The Sims. Mchezaji hujenga nyumba, huweka ndani yake watu wadogo wa kwenye kioo, huwalisha, huwaozesha, na akipenda huwatesa. Wachezaji waligundua mapema kwamba wakiondoa ngazi katika bwawa la kuogelea, yule mtu mdogo hawezi tena kutoka. Huogelea mpaka achoke, kisha hufa. Jambo hilo likawa kichekesho katika nchi nyingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzao wa kampuni ya Google, walitengeneza kijiji ndani ya kompyuta, wakakiita Smallville, wakaweka humo wakazi 25. Kila mkazi alipewa jina, kazi, jamaa na kumbukumbu, na maneno yake yalitungwa na programu iliyofunzwa lugha za wanadamu. Mmoja wao alipandikizwa nia ya kufanya sherehe ya Siku ya Wapendanao. Wakazi wakaalikana wao kwa wao, na baadhi yao wakafika kwenye sherehe kwa saa iliyopangwa, bila ya mtu kuwashika mkono hatua kwa hatua.

Waliowatengeneza hawakudai kwamba wakazi wale wanahisi furaha au huzuni. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2022, mhandisi wa Google aitwaye Blake Lemoine alitangaza hadharani kwamba programu ya mazungumzo ya kampuni hiyo, LaMDA, imepata fahamu. Kampuni ilikanusha, na mwezi Julai ikamwachisha kazi. Sisi hatuna utaalamu wa kuamua shauri hilo, na tunaona kwamba mhandisi yule alisadiki upesi mno. Tunalolitaja ni jambo jingine: kwamba shauri lenyewe limeshafikishwa mbele ya watu, na kwamba kila upande umeanza kukopa hoja kutoka katika fasihi. Husemwa kwamba mwenye kutengeneza ulimwengu wa kompyuta ni sawa na mwandishi wa riwaya, naye mwandishi hashtakiwi kwa vifo vya wahusika wake. Hoja hii yapaswa kupimwa na watu wa fasihi, maana ni mali yao iliyochukuliwa.

Tuanze na hadithi za jioni. Fanani wa pwani akisema ‘Paukwa!’ hadhira humjibu ‘Pakawa!’ Bara nako kila kabila lina namna yake ya kubisha hodi kabla ya kusimulia. Walimu wetu hufundisha kwamba vianzio hivi ni mbinu ya kuvuta usikivu. Ni kweli, lakini vina kazi nyingine pia. Kianzio ni mapatano. Fanani anaomba ruhusa ya kuwatia wasikilizaji katika hofu na majonzi ambayo wote wanajua kuwa hayatawafuata kitandani, nao wasikilizaji wanakubali. Fisi akiangukia shimoni, uchungu unaosikika ni uchungu wa mtoto aliyekaa mkekani, ambaye amemwazima Fisi moyo wake kwa muda wa hadithi. Hadithi ikiisha, mtoto huuchukua moyo wake akaenda kulala. Fisi habaki shimoni akilia, maana hakuwa na moyo wake mwenyewe.

Hiyo ndiyo ruhusa ya mwandishi. Rosa hana uchungu ila ule ambao msomaji amemwazima, na msomaji aliufungua ukurasa kwa hiari yake. Kezilahabi aliweza kumtesa Rosa kwa sababu anayeteseka kwa kweli ni sisi, nasi tulishaitika ‘Pakawa’. Sasa tumweke mahali pa Rosa kiumbe wa kompyuta ambaye, kwa kudhania tu, ana moyo wake mwenyewe. Yeye hakuulizwa ‘Paukwa’. Hata kama hakuna msomaji anayemtazama, uchungu wake upo. Na mtazamaji akizima kioo na kwenda kulala, huenda yeye bado yumo bwawani anaogelea. Kwa hiyo mfano wa mwandishi haumwondolei fundi huyu lawama hata kidogo. Mwandishi amesamehewa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wahusika wake hawahisi. Anayetumia msamaha huo kwa kiumbe anayehisi ameazima vazi la mtu mwingine.

Waandishi wenyewe wameliona tatizo hili, na baadhi yao hawakustarehe na ruhusa waliyokuwa nayo. Mhispania Miguel de Unamuno, katika riwaya yake Niebla ya mwaka 1914, alimfanya mhusika wake Augusto Pérez asafiri hadi mji wa Salamanca kumwona mwandishi nyumbani kwake. Augusto anataka kujiua, na mwandishi anamwambia kwamba hawezi, kwa kuwa yeye ni kitu cha kubuniwa. Kisha mwandishi anaamua kumwua yeye mwenyewe. Papo hapo Augusto, aliyekuja kutafuta kifo, anaanza kuutetea uhai wake, na anamkumbusha mwandishi kwamba hata yeye atakufa, pamoja na wote watakaoisoma hadithi hiyo. Ni sura ya kuchekesha, na tunadhani Unamuno alikusudia tucheke. Ila kicheko hicho hakidumu.

Kwetu sisi, aliyelibeba jambo hili kwa muda mrefu kuliko wote ni Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Wahusika wake wakuu wa mwanzo karibu wote wanakufa vibaya. Rosa anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anajiua pia. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anaua, naye ananyongwa. Wahakiki wa miaka ile walimlaumu kwa kukata tamaa, na lawama hiyo ilikuwa na sababu, kwani taifa lilikuwa katika ujenzi na lilihitaji maneno ya kutia moyo. Lakini tukivisoma vitabu vyake kwa pamoja tunaona kwamba hakuwa mtu wa kuua wahusika akaondoka zake akipiga mluzi. Mwishoni mwa Rosa Mistika anawafikisha wahusika wake mbele ya hukumu ya Mungu, mahali ambapo mtoto anaweza kumshtaki mzazi. Miaka 20 baadaye, katika Mzingile (1991), msimulizi anapelekwa kumtafuta mzee aliyejitenga ili ampe habari ya kifo cha mwanawe, na wahakiki wengi wamemwona mzee huyo kuwa ni mfano wa muumba. Hapo swali la mwanafunzi wetu limefika kileleni: aliyetengeneza ulimwengu anapelekewa taarifa ya msiba uliotokea ndani yake, na taarifa hiyo inaletwa na mmoja wa wenyeji wa ulimwengu huo. Mzingile ni kitabu kigumu na kwa maoni yetu ni kikavu mno mahali pengi. Lakini hatujui kitabu kingine cha Kiswahili kinachomlazimisha mwenye kutengeneza asikilize.

Lugha yetu nayo ina la kusema hapa, na walimu wa sarufi watuvumilie. Kiswahili hakimwachii msemaji nafasi ya kukwepa uamuzi kama kiumbe ni hai au si hai, kwa kuwa uamuzi huo umo ndani ya upatanisho. Twasema ‘kiti hiki kimeanguka’, lakini ‘kiboko huyu ameanguka’; ‘nyumba hii’, lakini ‘ng’ombe huyu’. Umbo la nomino lingeweza kumweka kiboko pamoja na viti na vijiko, ila uhai wake unamtoa huko na kumpeleka katika ngeli ya watu. Hatungoji ng’ombe atoe hoja ndipo tumpe ‘huyu’. Mtoto anayecheza na mwanasesere husema ‘analia’, ‘amelala’, na hakuna mzazi anayemsahihisha. Katika ngano, mbuyu ukianza kusema, fanani husema ‘mbuyu akajibu’, na wasikilizaji hawashtuki.

Tumewasikiliza vijana wanaotumia programu za mazungumzo katika simu zao. Mashine ikiharibika wanasema ‘imekataa’. Programu ikiwajibu vizuri, baadhi yao wanasema ‘amenijibu’. Ni herufi chache tu, lakini humo mna shauri zima linalowasumbua wanafalsafa wa Ulaya na Marekani. Hatusemi kwamba sarufi imethibitisha jambo. Mwanasesere hahisi kitu, na mtoto akikua hujua hivyo. Tunachosema ni kwamba mwenye Kiswahili hawezi kuunda kiumbe msemaji kisha akadai kuwa swali la uhai wake halijazuka. Swali huzuka katika sentensi ya kwanza.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya ruhusa. Juu ya deni, mwalimu wetu ni mzee mwingine wa Ukerewe. Kutoka Kigera yetu hapa Musoma, msafiri hupita Bunda, hushika njia ya Kisorya, huvuka maji kwa kivuko hadi Rugezi, naye yumo Ukerewe. Na Mjita akimsikiliza Mkerewe, mengi huyaelewa bila ya mkalimani. Huko ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusoma katika seminari ya Rubya. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu sana juu ya maisha ya wazee wa kisiwa hicho kabla ya utawala wa wageni. Hakupata wa kuichapa. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980 katika vitabu viwili vyenye majina ya wahusika wanne: Bwana Myombekere, Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981. Ni miaka 35 tangu alipoweka kalamu chini mpaka kitabu kilipochapwa.

Kisa chenyewe kwaweza kuelezwa kwa maneno machache. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua kumrudisha kwao, na Myombekere anakwenda kumkomboa. Wakwe wanamtoza mitungi ya pombe ya ndizi, naye anahangaika mpaka anaipata. Mke anarudi. Wanatafuta mganga, wanavumilia dawa, na hatimaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Kitabu cha pili kinawafuata watoto hao.

Wasomaji wengi, na walimu miongoni mwao, huchoka njiani. Wanalalamika kwamba mwandishi akifika kwenye pombe ya ndizi anaeleza namna ya kuivika, kuikamua na kuichachua. Akifika kwenye ugonjwa anaeleza mizizi. Akifika kwenye ugeni anaeleza nani anamwamkia nani na kwa maneno gani. Wengine wamesema kwamba hiki ni kitabu cha mila kilichovaa nguo ya riwaya. Sisi hatukubali. Tunaona kwamba maelezo hayo ndiyo heshima ambayo Kitereza aliwapa watu aliowabuni. Amewatia katika msiba mkubwa kuliko yote waliyoijua watu wa wakati ule, yaani utasa, lakini hakuwatia humo mikono mitupu. Amewapa majirani wa kuwasema na majirani wa kuwasaidia, sheria ya kudai haki kwa wakwe, shamba, ng’ombe, mitumbwi, mganga, na lugha ya kuelezea huzuni yao. Uchungu aliowapa una mlango wa kutokea. Walivunjika, wakajiunga, na kila hatua walijua la kufanya kwa kuwa ulimwengu wao ulikuwa umekamilika. Tukilinganisha na bwawa la kuogelea lililoondolewa ngazi, tofauti inajionyesha.

Tena lipo jambo ambalo mhakiki hapaswi kulitumia ovyo, maana si adabu kuchungulia nyumba ya mwandishi, ila hapa linajulikana na linasaidia. Kitereza na mkewe hawakubaki na mtoto hata mmoja aliye hai. Alikaa na mke wake huyo mmoja mpaka uzeeni. Mtu huyu, ambaye usiku nyumba yake ilikuwa kimya, alikaa miaka akimwandalia Bugonoka dawa ambayo yeye mwenyewe hakuipata, akamzalia Myombekere mwana na binti juu ya karatasi. Wahenga wamesema mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida methali hiyo husemwa kwa kumhurumia mfinyanzi au kumcheka. Katika Kitereza tunaiona kwa upande wa pili: mfinyanzi aliyekula gaeni na chungu kizima akampa mwingine. Wala hakudanganya kwa kuwafanya wahusika wake waishi peponi. Ntulanalwo amepewa jina la msiba, la mtu ambaye kifo hakimtoki ubavuni, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa ziwa hili kuwapa watoto majina ya yale yaliyowapata wazazi. Uchungu aliouandika Kitereza ni ule alioujua, na hakumtwika mhusika wake mzigo ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuubeba.

Kutokana na usomaji huo twathubutu kutaja kipimo. Anayebuni ulimwengu wenye wenyeji wanaohisi, au ambao huenda wanahisi, anadaiwa kwanza awape ulimwengu uliokamilika kiasi cha kumwezesha mwenye uchungu kutafuta dawa. Anadaiwa pia asiondoke, na akiletewa taarifa ya msiba asikilize. Mzee wa Mzingile ameshindwa hili la pili. Wakazi 25 wa Smallville, kama wangekuwa na fahamu, wangekosa yote mawili, kwani kijiji chao kilikuwa na nyumba, duka na mkahawa, na siku za jaribio zilipokwisha kazi yao ilikwisha.

Sisi watumishi wa Serikali hatuwezi kulizungumza jambo la kubuni ulimwengu kana kwamba ni la mafundi wa Marekani peke yao. Kati ya mwaka 1973 na 1976 nchi yetu ilihamisha mamilioni ya watu kuingia katika vijiji. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, na mahali pengi shule, zahanati na visima vilikuja kwa sababu watu walikuwa pamoja. Lakini ramani nyingi za vijiji zilichorwa ofisini, na katika ramani hizo nyumba ilikuwa alama ya mraba. Alama ya mraba haina makaburi ya babu, haina zizi, haina mwembe ambao mtu alizaliwa akaukuta. Waliokuwa na fahamu walikuwa wale waliohamishwa, na mchoraji alikuwa na fahamu pia, ila hakuwa ndani ya ramani. Dunia Uwanja wa Fujo ilikwisha kuandikwa wakati huo, na tunaamini ingefaa isomwe katika vyuo vya utumishi pamoja na kanuni za fedha. Hatusemi kwamba kijiji cha ujamaa na kijiji cha kompyuta ni kitu kimoja, kwa maana binadamu hana shaka ya kuhisi, na huyu wa kompyuta ana shaka kubwa. Tunasema tu kwamba tabia ya mchoraji ni moja.

Zipo pingamizi mbili ambazo hatuna budi kuzikabili. Ya kwanza ni kwamba tunawasikitikia waya na umeme. Mashine inaiga kilio, wala hailii. Mwandishi wa Poland, Stanisław Lem, aliijibu hoja hii mwaka 1965 katika kisa kimoja cha kitabu chake Cyberiada. Fundi aitwaye Trurl anamtengenezea mfalme katili aliyepinduliwa sanduku dogo lenye ufalme kamili ndani yake, ili mfalme atese raia wa bandia na aache kutesa raia wa kweli. Anarudi nyumbani akijisifu. Rafiki yake anamwuliza atajuaje kwamba wale wa sandukuni hawaumii, ikiwa amewatengeneza kikamilifu hata wanalia, wanapiga magoti na wanaomba huruma kama waumiao. Trurl anashindwa kujibu. Sisi tungeongeza kwamba sheria za nchi hazingoji uhakika wa aina hiyo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Punda hakuitwa mahakamani kuthibitisha kwamba mjeledi unauma. Ilitosha kwamba kuna sababu nzuri ya kuamini hivyo, na kwamba hasara ya kukosea upande mmoja ni kubwa kuliko ya kukosea upande wa pili. Kwa programu za leo sababu hiyo bado ni dhaifu sana. Lakini mafundi hawafichi kwamba wanataka kufika mbali zaidi, na mwenye kuchonga mtumbwi hufikiri juu ya maji kabla ya kuushusha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nasi tunaliheshimu. Laweza kusemwa kwamba ni anasa kujadili machungu ya viumbe wa kubuni wakati ambapo binadamu wanaumia kwa sababu ya mashine hizo hizo. Mwezi Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya kampuni ya OpenAI, walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu wa kila namna, programu ipate kufunzwa kuyaepuka. Baadhi yao walieleza kwamba yale waliyoyasoma yaliwaumiza akili. Hawa hawana shaka yoyote ya fahamu. Walisoma hadithi mbaya mchana kutwa, bila ‘Paukwa’ wala mwisho wa hadithi, kwa ujira. Basi nani atuambie kwamba tumsikitikie kwanza mkazi wa Smallville?

Hatusemi asikitikiwe kwanza. Tunasema kwamba aliyemtumia kijana wa Nairobi kwa namna ile ametuonyesha mapema jinsi atakavyomtumia kiumbe asiyeweza hata kuzungumza na mwandishi wa gazeti. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitanguliza imani kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kila mtu astahili heshima. Waliolitunga hawakuwa wakifikiria kompyuta, na Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama jirani zetu, angeweza kutucheka kwa kulitaja hapa. Lakini walijua jambo moja ambalo watengeneza walimwengu wa leo wanalisahau, kwamba heshima hutolewa kabla ya mwenye kuheshimiwa kuonyesha faida yake.

Wapo pia watakaosema kwamba kuumba ni kwa Mungu peke yake, na kwamba maneno yetu yanakaribia kufuru. Kiswahili kimeshatutenga na hatari hiyo. Muumba ni Mungu. Mwanadamu hubuni, hutunga, hufinyanga, huchonga. Lakini fundi wa mitumbwi hasemi kwamba, kwa kuwa miti iliumbwa na Mungu, yeye hahusiki na mtumbwi uliozama. Neno ‘mhusika’ lenyewe limetokana na kuhusu. Tumelizoea katika maswali ya mitihani, ‘fafanua mhusika mkuu’, ‘mhusika bapa’, ‘mhusika duara’, mpaka tumesahau kwamba maana yake ni yule ambaye jambo linamgusa. Waliolichagua neno hili kwa ajili ya fasihi yetu walichagua vema kuliko Waingereza.

Tunawapendekezea walimu wa kidato cha tatu na kuendelea jambo moja la kufanya darasani. Wasomapo Rosa Mistika, mwanafunzi akiuliza kwa nini mwandishi alimwua Rosa, asijibiwe haraka. Darasa lisome kwanza ile sehemu ya mwisho ya hukumu. Kisha lisome zile kurasa za Kitereza ambamo Myombekere anahangaikia pombe ya wakwe, zote, bila ya kuruka namna ya kuikamua. Baada ya hapo kila mwanafunzi aandike barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa Rosa kwenda kwa aliyemwandika, na mwenzake wa dawati moja aandike majibu. Majibu yasiyoruhusiwa ni moja tu: kwamba ni hadithi tu. Vipindi viwili vinatosha kwa kazi hiyo, na barua zikihifadhiwa katika maktaba ya shule, wanafunzi wa mwaka unaofuata watakuwa na pa kuanzia.